Kimeng'enya Kilichokula RNA ya Boito

Sakitu, baridi ya kugandisha umande, ilipiga kwetu Boito alfajiri moja ya Januari, na kabla ya saa tatu mama alikuwa amenipigia simu mara nne. Simu tatu za kwanza zilikuwa za masikitiko. Shamba letu liko kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni, na huko chini ndiko baridi hujikusanya wakati anga haina wingu. Michai ilikuwa imeungua. Aliyewahi kuona chai iliyopigwa na sakitu anaijua rangi yake: jana kijani, leo kahawia, kana kwamba mtu amepita shambani na mwenge. Mama aliniambia ameshika jani likavunjika mkononi kama biskuti.

Simu ya nne aliipiga akiwa amesimama chini kabisa. Nilisikia mto ukipita nyuma ya sauti yake.

"Kuna laini moja ya michai huku haijaungua," alisema. "Hata jani moja. Na hapa ndipo baridi huanzia kila mara."

Niliinuka kwenye kiti. "Mama, usiichume."

"Nisichume chai yangu?"

"Usiiguse kabisa. Nakuja."

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na ushee katika maabara ya utafiti wa chai upande wa Kericho. Nilikuwa msaidizi wa mtafiti mmoja, mwanamke wa makamo kutoka Kisii, ambaye sote tulimwita Daktari tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kucheka kwake kulikuwa kwa nadra kiasi kwamba tulikuwa tukihadithiana kulipotokea. Lakini nilipomweleza habari ya ile laini ya mama, aliweka kalamu chini akanitazama.

"Haijaungua kabisa?"

"Kabisa, Daktari."

"Na jirani zake zimeungua?"

"Pande zote mbili."

"Lete mtungi wa naitrojeni," akasema, na tayari alikuwa anavua koti lake jeupe ili avae la mvua.

Nieleze tulichokuwa tunakitafuta, maana hadithi yote imesimama hapo. Ndani ya kila jani kuna DNA, ambayo ni maagizo yote ya mmea tangu mbegu hadi kufa, na haibadiliki ovyo. Kuna pia RNA, ambayo ni maagizo ya leo. Baridi ikija, jani hunakili kutoka kwenye DNA yale maneno machache linayoyahitaji saa hiyo: tengeneza hiki, acha kile, linda maji yaliyo ndani yasigande. Ukiweza kuikamata RNA ya jani asubuhi ya baridi, unasoma jani lilikuwa likijiambia nini. Ile laini ya mama ilikuwa imejiambia jambo ambalo michai mingine haikujua kusema. Nilipolifikiria hilo nilihisi damu ikinienda mbio.

Naitrojeni tuliyobeba ilikuwa ya kugandisha majani papo hapo, kabla RNA haijabadilika. Ni baridi kupita barafu yoyote, na ukifungua mtungi wake unatoa moshi mweupe unaotambaa chini. Sasa, kule kwetu mtungi wa namna hiyo unajulikana kwa kazi moja tu: kubebea mbegu za fahali. Tuliposhuka kwenye gari, wazee wawili wa jirani walikuwa tayari wameegemea ua.

"Karibuni," mmoja akasema. "Mmeleta mbegu ya Friesian ama ya Ayrshire?"

"Leo tumekuja kupanda chai," Daktari akajibu bila kutabasamu, na wale wazee wakacheka hadi mmoja akakaa chini.

Baridi iliendelea asubuhi tatu zaidi, na asubuhi zote tatu tulikuwa pale jua likichomoza, tukichuma majani mawili na kichipukizi kutoka kwenye laini iliyopona, tukiyafunga kwa karatasi ya alumini na kuyatumbukiza kwenye moshi. Tuliondoka na pakiti kumi na mbili za laini ile, na nyingine za michai iliyoungua nusu kwa ajili ya kulinganisha. Mama alisimama pembeni amejitanda leso mbili, akituhesabia kwa sauti kama anayehesabu vifaranga. Siku ya nne jua likawaka, sakitu ikaisha, na zile pakiti zikawa ndizo zote tulizo nazo hadi baridi nyingine ije, kama itakuja.

Kazi ya kutoa RNA huchukua siku mbili. Unasaga majani kwenye kinu huku unamimina naitrojeni ili yasiyeyuke. Unachanganya na dawa inayonuka kama mayai viza, ambayo kazi yake ni kuzuia ule weusi wa chai usiharibu kila kitu. Unazungusha kwenye mashine, unachukua maji ya juu, unaongeza chumvi, unaacha kwenye baridi hadi kesho. Kesho unazungusha tena, na chini ya kichupa unapata doa jeupe dogo kuliko kichwa cha sindano. Hiyo ndiyo RNA. Ili kujua kama ni nzima, unaipitisha kwa umeme ndani ya jeli kisha unaitazama juu ya kisanduku cha mwanga. RNA nzima ya jani hujipanga: mistari miwili minene juu, na mingine myembamba chini yake. RNA iliyokatikakatika haijipangi. Inatapakaa kama moshi hadi mwisho wa jeli.

Pakiti ya kwanza ilitoa moshi.

Ya pili ikatoa moshi.

Baada ya ya tatu Daktari akaniita mezani kwake. "Unajua ni nini kinachoila?"

Nilijua kwa kitabu. Kuna kimeng'enya kinachoitwa ribonukliasi, ambacho kazi yake duniani ni moja: kukata RNA vipande vipande. Kila kiumbe hai anacho, kwa sababu maagizo ya jana lazima yaondolewe ili ya leo yasikike. Na kwa sababu virusi vingi vimebeba RNA, mwili wa binadamu umekipaka kimeng'enya hiki kila mahali kama walinzi: kwenye jasho, kwenye machozi, kwenye mate, juu ya ngozi ya vidole. Niliyajua hayo yote na nikajibu mtihani wa chuo nikapata alama nzuri. Nilichokuwa sijakijua ni ugumu wake.

"Kichemshe," Daktari akaniambia. "Kinajikunjua. Kikipoa, kinajikunja tena kama kilivyokuwa na kurudi kazini. Spiriti haikiui. Mtungi wa mvuke unaoua kila kijidudu, chenyewe kinaweza kutoka humo kikiwa hai."

"Sasa kinakufa na nini?"

"Na moto wa oveni, usiku kucha. Na dawa kali. Na adabu." Alinyoosha kidole kuelekea mikono yangu. "Zaidi adabu."

Basi nikaanza vita. Nilichoma vinu na michi kwenye oveni kwenye nyuzi mia mbili kutoka jioni hadi asubuhi. Nilimwaga maji yote nikatengeneza mengine. Nilinunua ncha mpya za pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone, boksi ambalo halijafunguliwa na mtu. Nilifuta meza kwa dawa hadi rangi ikaanza kutoka. Nilifunga nywele ndani ya kofia, nikafunga mdomo kwa barakoa, nikabadilisha glavu kila nilipokumbuka. Na nikiri kitu: nilifurahia. Kulikuwa na adui ambaye haonekani, mjanja, mzee kuliko milima, na mimi binti wa Boito nilikuwa nikipigana naye kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa naamka kabla ya saa ya kuamka. Nilikuwa nikitembea kutoka nyumba yangu ya kupanga hadi maabara nikizungumza peke yangu njiani, nikipanga hatua.

Pakiti ya nne, moshi. Ya tano ilianza kutoa kivuli cha mstari, nikapiga kelele, lakini ulikuwa kivuli tu. Ya sita moshi. Ya saba, ya nane, ya tisa.

Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alifungua friza, akazihesabu zilizobaki za ile laini, akaifunga.

"Tatu," akasema. "Tutajaribu moja zaidi. Ikishindikana, hizi mbili tunaziacha hadi tujue kosa letu liko wapi. Sakitu haina ratiba."

Wiki hiyohiyo mama alikuja mjini kwa kliniki ya presha. Tulikuwa tumekubaliana nimalize kazi kisha tukutane getini, lakini alimaliza mapema, akamwomba askari njia, akajikuta kwenye ukumbi wa maabara yetu ambao una dirisha refu la kioo upande wa ndani. Mimi nilikuwa nimeinamia meza, nikifanya mazoezi kwa majani ya kawaida ya nje ili nisiguse zile pakiti tatu. Simu ikalia mfukoni. Nikaitoa; alikuwa mama.

Lazima nieleze kuhusu simu. Miaka mitatu kabla ya hapo, siku baba alipoanguka shambani, nilikuwa kwenye mtihani na simu nimeizima. Mama alinipigia mara nyingi asipate mtu. Nilipata habari jioni, wakati kila mtu alikuwa ameshalia akanyamaza. Nilimwahidi mama kwamba simu yake haitalia tena bila kupokelewa, na sikuwahi kuivunja ahadi hiyo. Alikuwa akinipigia karibu kila siku baada ya kupeleka majani kwenye kituo cha kuuzia chai, kunisalimu na kuuliza kama "zile chai zimeongea."

"Niko hapa ndani," nikamwambia. "Geuka, utaona dirisha."

Akageuka, akaniona, akapunga mkono kwa furaha. Nikapunga wangu. Nikairudisha simu mfukoni na kuendelea kujaza vichupa, na yeye akabaki ameegemea kioo akitazama kila nilichofanya kwa makini ya mtu anayemkagua mkwe mtarajiwa.

Saa nne tulikaa kunywa chai katika chumba kidogo cha wafanyakazi, mimi, mama na Daktari. Mimi na mama tukiwa wawili tunazungumza Kipsigis, lakini kwa ajili ya Daktari mama alitoa Kiswahili.

"Daktari, naweza kuuliza kitu? Usinicheke."

"Uliza, mama."

"Hizi klavu anavaa huyu. Ni ya kuzuia dawa isimuume, ama ni ya kuzuia uchafu ya mkono yake isiingie kwa kazi?"

"Zote mbili. Lakini kwa kazi hii, zaidi ni mkono wake."

Mama akanywa chai kidogo, akaweka kikombe. "Sasa mbona anashika simu nayo?"

Nilikisikia kijiko cha Daktari kikigusa sahani.

"Mimi nikikamua," mama akaendelea, "simu ikilia naiacha ilie. Nikiishika ni lazima ninawe upya. Kwa sababu simu imelala kwa mfuko, imelala kwa shavu, imeanguka kwa boma, mtoto wa jirani amechezea. Maziwa yangu yalirudishwa mara moja tu, nikajua ni mkono. Hapo dirishani nimeona ameongea na mimi, halafu mkono ule ule umeingia kwa vichupa."

"Naipanguza kwa spiriti, mama!" nikasema, na hata kabla sijamaliza nilimwona Daktari amefumba macho.

"Spiriti haikiui," akasema polepole.

"Haikiui," nikarudia.

"Ni mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja. Mbili." Nilihisi uso ukiwaka. "Wakati wa kazi ya asubuhi. Kila siku, Daktari."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini katikati ya aibu hiyo kitu kingine kilikuwa kinapanda kifuani, kwa kasi, kama maziwa yanayotaka kufurika sufuria. Kama lilikuwa kosa, basi lilikuwa na mahali. Na likiwa na mahali linaweza kuondolewa! Nikamtazama Daktari, naye akanitazama, na nikaona lilelile limempata.

"Hatuamini tu kwa sababu imesemwa vizuri," akasema akiinuka. "Samahani, mama. Tunaipima. Leo."

"Pima," mama akasema. "Mimi sitoki hapa kabla ya kujua."

Tulikuwa na kichupa cha RNA ya dukani, safi na nzima, ya kujaribia. Tuliigawa sehemu nne. Ya kwanza hatukuigusa. Ya pili tuliongeza tone la maji ambalo nililigusa kwa glavu mpya iliyotoka kwenye boksi. Ya tatu, nilivaa glavu mpya, nikashika simu yangu kama kawaida, nikaipanguza kwa spiriti kama kawaida, kisha nikagusa tone. Ya nne nilivua glavu nikagusa tone kwa kidole changu kitupu. Daktari aliviandika vichupa namba mwenyewe na kuvichanganya ili nisijue kipi ni kipi nitakapovitazama. Tukaviweka kwenye mashine yenye joto kama la mwili kwa saa moja.

Hiyo saa moja sitaisahau. Mama alikuwa ameletewa kiti mlangoni mwa maabara. Daktari alijifanya anasoma. Mimi nilitengeneza jeli, nikaimwaga, ikaganda, nikaiangalia ikiwa imeganda, nikarudi kuiangalia tena. Kila mtu aliyepita alisimama kuuliza kuna nini, na mama akawa ndiye msemaji.

"Tunashitaki simu," aliwaambia.

Tulipozima taa ya chumba na kuwasha kisanduku cha mwanga, tulikuwa watu saba tumebanana pale. Kila kichupa kilikuwa na njia yake ndani ya jeli: njia mbili zilikuwa na mistari iliyonyooka, mikali, inayong'aa. Njia mbili zilikuwa tupu, na ukungu tu huko mwisho kabisa.

Daktari alitoa karatasi ya namba mfukoni. "Iliyo nzima ni ya kwanza na ya pili." Akaikunja karatasi. "Kidole kimekula yake yote. Na simu imekula yake yote."

Kelele iliyotoka kwangu, ungedhani nimeshinda kitu. Nilikuwa nimethibitisha kwamba kwa wiki zote zile nilikuwa nikiharibu kazi kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikuwa nikiruka. Nilimkumbatia mama akalalamika kwamba nitamwangusha. Mfanyakazi wa chumba cha pili alitoa simu yake mfukoni, akaitazama, akaenda kuiweka nje.

Mama alikataa kurudi Boito siku hiyo. Aliwapigia majirani wamkamulie ng'ombe, akalala kwangu. Asubuhi aliingia maabara nami hadi kwenye kiti chake cha mlangoni, akafungua mkono. "Lete."

Nikampa simu. Akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe nilifanya kazi bila sikio moja kusubiri. Niliyetaka kujua kama yu mzima alikuwa pale, ninamwona, anafuma kofia ya sufu.

Nilitoa pakiti ya kumi. Nilisaga hadi majani yakawa unga laini kama poda ya mtoto. Glavu nilibadilisha bila kuhesabu. Mkono ulipotaka kwenda kukuna pua, Daktari alikohoa, nikaurudisha. Kila hatua nilijitajia kwa sauti ndogo. Nikaiweka kwenye baridi hadi kesho, na kesho yake tukarudi wote watatu.

Doa lilikuwepo chini ya kichupa. Lakini doa lilikuwepo hata zile mara tisa. Nikaliyeyusha, nikalipakia kwenye jeli, nikawasha umeme. Rangi ya bluu ikaanza kutambaa, polepole, polepole. Mama alishindwa kukaa kwenye kiti.

"Zima taa," Daktari akasema.

Mistari miwili. Minene, iliyonyooka kama matuta, na wa juu ukiwa mzito kuliko wa chini, vile inavyotakiwa. Chini yake myembamba, mitatu, ile ya sehemu ya jani inayokamata jua. Hapakuwa na moshi. Hata kidogo.

Nilisema, "Mungu wangu." Nilijikuta nalia na kucheka pamoja. Daktari aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Kisha akasimama wima, na yule mwanamke ambaye tulikuwa tukihadithiana kucheka kwake akaanza kupiga makofi, akaingiza pambio la kanisani kwa Kikisii, na mama, ambaye hakujua neno hata moja, akalidaka na kuitikia. Wawili hao walizunguka meza ya katikati wakiimba, mmoja na koti jeupe, mwingine na leso mbili na mkoba wenye simu yangu.

Walipochoka, mama alirudi kwenye mwanga. "Hii ndiyo chai yetu?"

"Ni maneno ya chai yetu. Ya asubuhi ile ya sakitu."

"Yanasema nini?"

"Bado hatujayasoma. Lakini sasa yanasomeka."

Akatazama kwa muda mrefu. "Na kile kinachokula, ni kibaya?"

Nikafikiri. "Hapana. Kinakulinda. Bila hicho ungekuwa mgonjwa kila siku. Kilikuwa tu mahali ambapo hatukukitaka."

"Basi kisilaumiwe," akasema. "Kilikuwa kazini."

Pakiti ya kumi na moja ilitoka nzima. Ya kumi na mbili ilitoka nzima, na zile za michai iliyoungua nusu pia. Tulizipeleka Nairobi katika maabara yenye mashine ya kusoma, ndani ya boksi la barafu kavu ambalo Daktari alilipakata njia nzima. Walituandikia baada ya siku chache kwamba RNA ile ilikuwa ya ubora mzuri sana, na mimi niliuchapisha ule ujumbe nikaubandika juu ya meza yangu. Majibu yenyewe yalichukua wiki nyingi, yakaja kama orodha ndefu isiyo na mwisho. Hayakuwa muujiza. Lakini kulikuwa na kundi la maagizo ambayo laini ya mama ilikuwa ikiyapaza sauti kabla jua halijachomoza, wakati michai ya pembeni yake ilikuwa ikiyanong'ona. Daktari aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, na kila mstari alioupiga aliniita kuja kuuona.

Kisha akataka kujua ile laini ni ya ukoo gani, maana shamba letu lote limepandwa vipandikizi vya aina moja vilivyotoka kituo kimoja cha miche. Kwa hilo tulihitaji DNA, na katika kutoa DNA, RNA ndiyo uchafu. Unajua inaondolewa na nini? Nilifungua boksi lililotoka kwa wauzaji nikakuta kichupa kidogo chenye kibandiko: ribonukliasi, safi. Tulikuwa tumeinunua! Nilikaa chini nikacheka hadi machozi. Niliitumia katika chumba kingine, na koti jingine, kama mtu anayefuga nyoka, nikaweka tone moja, na dakika chache baadaye RNA yote iliyokuwa ikisumbua haikuwepo. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Nani ajuaye hilo kuliko mimi?

DNA ilitupa jibu ambalo hatukulitarajia: ile laini haikuwa na undugu na michai mingine ya shamba. Nilimwendea mama Boito siku ya Jumamosi kumwuliza, tukiwa na Daktari, tukanywa kwanza mursik, maziwa yetu ya kibuyu.

"Ndiyo, si sawa," mama akasema, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu alilijua. "Baba yako alipungukiwa miche. Laini ya mwisho akapanda mbegu. Aliokota chini ya mti wa chai."

"Mti gani?" tukauliza, mimi na Daktari kwa pamoja.

"Ule wa mpakani huko ng'ambo, ulioachwa zamani bila kukatwa. Umekuwa mrefu kama mgrevilea. Jirani anafungia mbuzi hapo."

"Bado upo?"

"Uende wapi?"

Daktari alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake mlangoni. Tulivuka mto kwa mawe, mama mbele akituonyesha pa kukanyaga, mimi nimebeba ule mtungi wa naitrojeni kutoka garini. Ulikuwepo. Ulikuwa na maua meupe yenye vitovu vya njano, na nyuki, na mbuzi wawili waliotutazama wakitafuna. Chini yake, katikati ya majani makavu, mbegu za kahawia zilikuwa zimetapakaa kila upande, na Daktari akapiga magoti akaanza kuziokota.